Kitabu cha Shilingi Tatu

Sisi waalimu tunaopenda vitabu vya kale twasoma kwa shauku habari za chapa ya kwanza ya mashairi ya Robert Burns, mkulima maskini wa Uskoti. Ilitoka Kilmarnock mwaka 1786, nakala 612 tu, kila moja shilingi tatu. Burns alihitaji nauli ya kwenda Jamaika, akawe karani katika shamba la watumwa, watu wa asili yetu ya Afrika. Jambo hilo hatulifichi. Nakala zikaisha upesi, naye hakusafiri. Zilizosalia leo hazifiki mia. Matajiri hutafuta hasa zile ambazo fundi wa kujalidi hakuzikata kingo. Sisi twatamani nyingine: iliyochakaa, yenye alama ya kidole cha mkulima aliyetoa shilingi zake tatu.