Aliuza injini ya mshkaji wake ili anunue ubao

Ukipekua mitumba pale Karume, ile tisheti huikosi. Gari la zamani lenye mbao ubavuni, juu limebeba ubao mrefu, nyuma jua linazama, chini pameandikwa California. Wengi wanaivaa tu kwa sababu imetoka poa. Ila kuna wazee wawili huko Marekani ambao picha ile ndo ujana wao kabisa, na kwa zaidi ya miaka 50 walikuwa hawasalimiani. Majina yao yabaki kapuni.

Wa kwanza alikulia Huntington Beach, kusini mwa Los Angeles, mji wa gati refu na visima vya mafuta jirani na ufukwe. Huyu alikuwa mtoto wa mawimbi. Mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi asili yake ni Hawaii, na mwaka 1907 kijana wa kutoka huko, George Freeth, aliuonyesha pale Redondo Beach watu wakabaki midomo wazi. Enzi zile ubao ulikuwa mti kweli, mzito kinoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaingia za povu gumu lililofunikwa faiba, nyepesi, hata dogo wa sekondari anabeba mwenyewe. Mwaka 1959 ikatoka filamu ya Gidget, basi kila kijana akataka kuwa mtoto wa beach.

Wa pili alitokea Santa Ana, ndani kidogo kutoka baharini. Huyu damu yake ilikuwa oili. Utotoni alikuwa anapelekwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha mji wao, ambako kuanzia mwaka 1950 watu walishindana mbio za magari za robo maili. Alipofikisha miaka 17 alikuwa na hotirodi yake mwenyewe. Yaani unachukua gari kuukuu, unang'oa madigadi na kila kinachoongeza uzito, halafu unaipa injini ya kutisha. La kwake lilikuwa Ford ya mwaka 1932, gari lililokuja na injini ya silinda nane ambayo hata mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Kiwandani lilitoka na nguvu za farasi 65. Dogo akatafuta injini kubwa zaidi ya ukoo uleule, akaifungia kabureta tatu. Ilimchukua miaka miwili ya kuosha vyombo mgahawani kila usiku.

Watu wa namna hizi mbili hawakupatana. Watoto wa mawimbi walikuwa na jina la dharau kwa jamaa wanaokuja beach kupaki magari na kuchana nywele bila kugusa maji. Waliwaita hodadi.

Siku moja mwaka 1964, yule wa mawimbi aliharibikiwa barabarani kando ya bahari. Gari lake ndo lile la kwenye tisheti, lenye bodi ya mbao. Leo matajiri wanayagombania, ila zamani hizo yalikuwa bei ya bure, kwa sababu mbao zilioza na wenye nazo walishachoka kuzipaka vanishi. Vijana wa beach waliyapenda kwa sababu moja tu: ubao wa futi 9 unaingia. Sasa rejeta inatoa moshi, washkaji zake wamedandia lifti wakamwacha. Aliyesimama kumsaidia ni hodadi.

Alimtengenezea gari bila kuchukua hela. Akasema kitu kimoja tu, tena kwa aibu: "Nifundishe kuogelea."

Hapo ndo walipoanza. Jumamosi walishinda gereji, Jumapili majini. Wa mawimbi akajua kushika spana, wa magari akajua kusimama kwenye ubao, japo alianguka miezi mitatu mfululizo. Njiani redio ilikuwa inapiga gitaa la Dick Dale, yule aliyekuwa akijaza ukumbi wa Rendezvous pale Balboa. Ukiusikiliza wimbo wake wa Misirlou wa mwaka 1962 utaona kama unaujua, na siyo bahati mbaya. Baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni, na wimbo wenyewe ni wa zamani, wa huko mashariki ya Mediterania. Mtu aliyekulia na udi wa taarab lazima sikio lisimame.

Mwaka 1966 barua ya jeshi ikafika Santa Ana. Vita ya Vietnam ilikuwa imepamba moto. Sheria ya wakati ule ilimruhusu aliyeko chuo kuahirishiwa. Mtoto wa mawimbi alikuwa amejiandikisha chuo, ada wazazi wanalipa. Fundi hakuwa na chuo wala wa kumlipia. Siku ya kuondoka alilipaki gari lake kwenye banda la mwenzake, akamkabidhi ufunguo. "Nitunzie."

Alilitunza mwaka mzima. Analifuta vumbi, anawasha injini kila Jumapili. Halafu mwaka 1967 fasheni ya mawimbi ikageuka ghafla. Mbao zikaanza kufupishwa, kutoka futi 9 kwenda 7, na ndani ya muda mfupi mwenye ubao mrefu akaonekana mshamba. Yeye hela hakuwa nayo. Barua za Vietnam zilikuwa zimekatika miezi minne. Jamaa mmoja akaja na noti mkononi anaulizia ile injini na kabureta zake tatu.

Akauza.

Ubao aliununua. Baada ya msimu mmoja nao ukapitwa na wakati.

Mwaka 1968 fundi alirudi, mzima wa viungo lakini kimya. Hakwenda kwanza kwao, alishukia kwenye banda. Akavuta turubai, akakuta pale mbele pako wazi, waya zinaning'inia. Hakupiga kelele, hakukunja ngumi. Aliuliza tu shilingi ngapi, akaambiwa. Akasema, "Baki nalo." Akaondoka kwa miguu.

Kuanzia hapo dunia ikawatengenezea ujana wao kuwa biashara. Nyimbo, filamu, tisheti. Cha kuchekesha, kwenye The Beach Boys, kundi lililoimba mawimbi na magari kuliko wote, aliyekuwa anateleza kweli ni Dennis Wilson peke yake. Mzee wa Huntington aliona vijana wamevaa maisha yake kifuani na hakuwahi kununua hata moja. Bodi ile ya mwaka 1932 ikapanda bei mwaka hadi mwaka. Wanunuzi waligonga hodi. Paa la nyumba likavuja, mwanaye akamwambia, "Baba, uza hilo skrepa tutengeneze nyumba." Akajibu gari si lake.

Alipostaafu akaanza kutafuta injini ya aina ileile. Siyo ile yenyewe, ile ilishapotea. Alizunguka kwenye minada na magereji ya wazee wenzake, akapata bloku huku, kabureta kule. Alifunga mwenyewe, kwa kukumbuka alivyofundishwa zile Jumamosi. Ilimchukua miaka sita, mikono inatetemeka.

Siku alipoliendesha kwenda Santa Ana, gari lilikuwa linakohoa njia nzima. Fundi alitoka nje kabla halijazimwa. Mlio wenyewe ulimwita. Wote wamevuka miaka 75. Hakuna aliyetoa mkono.

Mgeni alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, akayasahau yote. Akanyoosha ufunguo. Mwenyeji hakuupokea. Alilizunguka gari taratibu, akainama kwenye injini, akasikiliza.

"Nani kafunga hizi kabureta?"

"Mimi."

"Ndo maana." Akakaa kimya kidogo. "Usizime. Ingia ndani hapo, mwambie mke wangu akupe bisibisi."