Mashosti wa Delta

Wengi wetu tunaijua Kibiti kwa dirisha la basi: kama kilomita 140 kutoka Dar kwa barabara ya Kilwa, unanunua korosho, safari ya kusini inaendelea. Au tunaikumbuka kwa zile habari za mauaji za mwaka 2017. Safari hii mimi na mume wangu tulichepuka kuelekea pwani hadi Nyamisati, tukasubiri maji yajae, tukapanda boti kuingia delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote nchini.

Mandhari, mpenzi msomaji, nenda kajionee. Mimi nilinaswa na kina mama watatu waliokaa barazani na ukindu wao. Mkeka wa Rufiji hausukwi mzima. Ukindu huchanwa, huchemshwa na rangi, husukwa kuwa shupatu, yaani ukanda mrefu mwembamba, kisha mashupatu hushonwa pamoja. Kusuka, kila mtu na lake. Kwenye kushona ndipo wanaposaidiana.

Walichezwa unyago pamoja, sasa wana wajukuu. Mmoja ameolewa mara tatu. Mwingine mpunga wake ulizama kwenye mafuriko ya Aprili 2024, na mbegu za msimu uliofuata alipewa na hao wenzake. Nikauliza kama kuna aliyeandika deni. Wakanitazama tu.

"Hivi hamjawahi kugombana?"

Kicheko! Kumbe wawili waliwahi kununiana karibu mwaka mzima, chanzo mwanaume, kingine nini? Lakini mkeka ulikuwa umeshaagizwa na pesa ya mteja imeshaliwa. Basi kila alasiri walikaa, wakashona kimya, na shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, ikapelekwa na mtoto kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

"Sasa mwanangu, tuache kazi ya watu kwa sababu ya mume?"

Sisi wa mjini tuna kicheni pati. Mashosti wanachanga, wanashona sare, wanakufunda, halafu baada ya harusi mnabaki kusifiana picha kwenye simu. Kwa kweli naona heri ule mnuno wa delta.

Ukienda, ulizia saa za maji kabla hujaondoka, beba pesa taslimu, na usibane sana bei. Mume wangu alichagua mkeka wa sebuleni. Mimi nikaongeza wa pili, wenye shupatu la zambarau, wa shosti wangu wa Sinza aliyesimamia kicheni pati yangu. Hatujasemezana tangu Pasaka. Nimeuacha kwa mlinzi wao, getini.