Rahisi Huvunja Upishi

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Methali hiyo niliifundisha darasani miaka mingi, hata siku iliponifundisha yenyewe, tena mbali na kwetu, katika mji wa Otaru, kaskazini ya Japani.

Ilikuwa Februari 2017. Nilikuwa nikichukua mafunzo ya ualimu katika mji wa Sapporo, nikikaa nyumbani kwa mama mmoja mjane. Miezi mitatu alinipikia kama mwanawe, wala hakukubali zawadi yoyote. Siku zangu zilipokaribia kwisha nikamwambia, "Mama, leo mimi ndiye mwenyeji. Twende Otaru, nikakukirimu samaki." Akacheka, akavaa koti lake zuri.

Basi tukapanda treni. Karibu na Otaru reli hupita kando ya bahari, nami mtoto wa pwani nikafurahi kuyaona mawimbi, ijapokuwa nchi yote ilikuwa nyeupe kwa theluji. Mama akanieleza ya kuwa zamani mji huo ulitajirika kwa samaki waitwao heringi, ambao walitoweka katika miaka ya 1950. Mfereji wake mashuhuri, uliokamilika mwaka 1923, ulikuwa wa mashua za shehena. Siku hizi watalii huja kuupiga picha.

Saa ya kula ilipofika, Mama akanionyesha kijiduka ambamo mzee mmoja alikuwa akichoma samaki. Bakuli moja yeni 3,000. Lo! Mkono ukarudi mfukoni wenyewe, kwani nilikuwa nikidunduiza fedha za kununua saa ya mkono. Nikasema, "Tutazame na mbele." Huko mbele tukakuta mkahawa mkubwa. Dirishani paliwekwa bakuli la mfano, la plastiki, limejaa kamba, kaa, pweza na mayai ya samaki hata yanamwagika. Yeni 1,000 tu! Nikaingia kwa haraka.

Kilicholetwa hakikuwa ndugu wa kile cha dirishani. Wali ulikuwa wa baridi. Juu yake palikuwa na vipande viwili vya samoni, vyembamba kama karatasi. Ngisi aliyekuwa bado na barafu ndani. Na kijiti chekundu kilichojifanya kaa, kumbe ni samaki wa kusagwa aliyetiwa rangi. Hata yule samoni, nilikuja kusoma baadaye ya kuwa wengi waliwao wabichi huko huletwa kutoka Norwei. Nimesafiri hadi bandarini kula samaki aliyesafiri kunishinda mimi!

Lililoniumiza si chakula. Mama alikula chote, hata punje ya mwisho, akaweka vijiti chini, akainama akasema, "Gochisosama," yaani ahsante kwa aliyenilisha. Sikuweza kuinua macho.

Wakati wa kurudi, tukiwa katika treni, njaa ilinishika. Mama akafungua mkoba wake, akatoa matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani, akanipa moja bila ya kusema neno. Nikawa mgeni wake tena.

Saa niliinunua, na mpaka leo inakwenda sawasawa. Lakini kila niitazamapo naliona lile bakuli. Wanafunzi wapenzi, ukiwa huna, mpe mgeni wako kidogo ulicho nacho, wala hapana aibu. Bali ukiwa nacho ukamfichia, aibu hiyo utaivaa mkononi siku zote.