Siku Tatu za Ifakara

Haupiti mwezi siku hizi bila ya kukutana na makala ya msafiri aliyekwenda New York au Chicago kwa siku tatu, naye akarudi na mawaidha ya namna ya kuufaidi mji mkubwa kwa muda mdogo. Tunaambiwa tuvae viatu vya kutembelea, tusikodi teksi pale palipo na treni ya chini ya ardhi, tule wanapokula wenyeji, na tupande juu ya jengo refu jua linapokaribia kuzama. Mawaidha hayo si mabaya. Mimi huyasoma kwa raha, kama nisomavyo maelezo ya mapishi ya chakula nisichotaraji kukila. Lakini kila nikiyamaliza hujiuliza: sisi watu wa visiwani, tunaozitamani njia za Manhattan, mbona hatuna hata ukurasa mmoja wa kumwelekeza mtu anayetaka kwenda siku tatu katika mji wa nchi yetu wenyewe?

Mji niutakao mimi ni Ifakara, mkoani Morogoro, katika bonde la mto Kilombero. Ukiuweka kando ya New York ni punje ya mpunga kando ya gunia. Hata hivyo yuko mwenyeji wa bonde hili aliyekaa New York muda mrefu kuliko waandishi wote hao wa siku tatu, naye ni chura. Ni mdogo kama ncha ya kidole, rangi yake ya manjano, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Wataalamu walimgundua mwaka 1996 chini ya maporomoko ya mto Kihansi, unaoteremka milima ya Udzungwa na kuingia Kilombero. Uhai wake ulikuwa ule ukungu wa maji yanayoanguka. Mwaka 2000 maji yakageuzwa njia yazalishe umeme, ukungu ukakatika, na mwaka huo huo vyura karibu mia tano wakachukuliwa kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba kwao hayuko tena hata mmoja. Wajukuu zao walirejeshwa Kihansi mwaka 2012, kwenye manyunyu yaliyotengenezwa kwa mabomba. Umeme ule huingia katika gridi ya taifa, na kutoka gridi hiyo ndiko unakotoka waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Basi, msomaji wa Unguja, ukizisoma kurasa hizi usiku, huenda ukungu wa chura yule umo ndani ya taa yako.

Nami sikwenda Ifakara kutalii. Nilitumwa. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliondoka Unguja akiwa kijana wa miaka ishirini, wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa. Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa baina ya 1970 na 1975, na vijana wengi waliokwenda kufanya kazi humo walirudi makwao na vitanda vya chuma na redio. Mjomba alikwenda kuwa karani wa ghala. Reli ikaendelea mbele kuelekea Mlimba, yeye akabaki Ifakara. Akaoa mwanamke wa Kindamba, akazaa, akalima. Mkewe amekwisha kufariki, na yeye mwenyewe ameupita umri wa miaka sabini. Mama hakuwa na maneno mengi aliponituma. “Mlete,” alisema. “Chumba chake kipo. Asije akafia bara, akazikwa na watu wasiomjua hata babu yake.”

Ukishavuka bahari, toka Dar es Salaam mapema. Waweza kupanda treni mpya ya umeme hadi Morogoro, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, kisha ukashika basi. Au upande basi moja tangu mwanzo. Njia inaikata hifadhi ya Mikumi, na hapo usilale, maana tembo huonekana bila ya kulipiwa. Mikumi mjini basi hukunja kushoto, likaingia Kidatu kwenye mashamba ya miwa, ambako sehemu kubwa ya sukari ya nchi hii hutengenezwa. Baada ya Kidatu, milima ya Udzungwa husimama upande wa kulia kama ukuta uliofunikwa kijani, tangu Mang'ula na kuendelea. Huko iko hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, na maporomoko ya Sanje yanayoanguka takriban mita 170. Aliye na siku ya nne ataipeleka huko. Mimi sikuwa nayo.

Ama wakati wa kwenda, aliyezoea kusafiri kwa starehe achague Juni hadi Oktoba, kwa sababu masika hulifanya bonde kuwa ziwa. Mvua za 2024 zilileta mafuriko makubwa. Mimi nilikwenda Februari, baina ya mvua na mvua, wakati mpunga ukiwa umefika magotini.

Mji wenyewe ni tambarare, na kwa hiyo ni mji wa baiskeli. Kodi baiskeli kabla ya kufikiria bajaji. Utakuta wanawake waliovaa khanga wakiendesha huku ndoo iko nyuma, na wazee waliofunga gunia zima la mpunga kwenye kibao. Nenda sokoni asubuhi ukatazame kambale na perege wa mtoni, kisha uende kwa wauza mchele. Hapo jifunze maneno mawili tu: supa na saro. Supa hunukia sufuria ikiwa bado imefunikwa, lakini huzaa kidogo. Saro, ambayo imetokana na kazi ya watafiti wa mpunga, huzaa sana na harufu yake ni ya wastani. Mjomba, kwa siku yote ya kwanza, hakutaka kusikia habari za mama wala za chumba. Alinipikia supa kwa samaki wa nazi, akanitazama nikila, akauliza, “Huko kwetu bado mnakula mapembe?”

Nikasema ndiyo, mjomba.

“Maskini watu wangu.”

Siku ya pili tulikwenda mtoni. Mgeni wa Marekani hupanda jengo refu. Wa Ifakara asimame katikati ya daraja la Kilombero. Daraja hilo, lililopewa jina la Rais Magufuli na kuzinduliwa Mei 2018, lina urefu wa mita 384, na ng'ambo yake ndiyo njia ya Ulanga na milima ya Mahenge. Ukisimama hapo kabla jua halijawa kali, utaona mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa ukienda bila ya haraka kuungana na mito mingine na kuwa Rufiji, na mitumbwi ya mti mmoja ikipita chini yako. Kwa miaka mingi hapakuwa na daraja, palikuwa na kivuko. Usiku mmoja wa Januari 2016 upepo ulikipindua kivuko hicho mtoni pamoja na watu na magari.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Tuliouona ufuo wa Nungwi Septemba 2011, baada ya Spice Islander, na tuliosimama tena kungoja majina Julai 2012, baada ya Skagit, tunajua uzito wa kumwona mtu wako akipanda chombo. Nilimwambia mjomba kwamba nimesikia wako watu wanaozikumbuka kwa hamu zile saa za kungoja kivuko: soga, samaki wa kukaanga, wageni kujuana. Alitema mate majini.

“Waliosema hivyo hawakuwa na mgonjwa,” alisema. “Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko upande huu. Mjamzito wa Ulanga alikuwa upande ule. Hizo soga zilikuwa zetu sisi wazima.”

Baadaye tulipita nje ya taasisi ya utafiti wa afya, na hapo nashauri msafiri asipite tu. Mwaka 1957 mwanazuolojia wa Uswisi, Rudolf Geigy, aliasisi maabara ndogo hapa. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na nje kidogo ya mji watafiti wake wamejenga vibanda vikubwa vya wavu, na ndani yake mna mimea, vijumba na mbu waliofugwa. Mahali hapo wamepaita Mji wa Mbu. Nadhani huo ndio mji mkubwa pekee wa bondeni. Kuanzia 1997 familia za Kilombero na Ulanga ziliuziwa vyandarua vilivyoitwa Zuia Mbu, na watoto wao wakahesabiwa, nani ameishi na nani amekufa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa watoto wadogo waliolala ndani ya chandarua walinusurika zaidi kwa asilimia 27. Nasi visiwani tulipogaiwa vyandarua vyetu miaka michache baadaye, na malaria ikapungua mno, ni wachache waliouliza ushahidi ulitoka wapi. Ulitoka katika nyumba kama ya mjomba. Alinionyesha chandarua chake cha wakati huo, kimechakaa, sasa kinafunika miche ya mboga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na kwetu siku zote husemwa kwa mzaha, mgeni akiwa ameshapakia mizigo. Mjomba hakuwa na mzaha. Kabla ya mapambazuko ya siku ya tatu aligonga mlango, akanipa jembe la mpini mfupi, tukapanda baiskeli kwenda shambani. Huko lipo dungu lake, kibanda kilichosimama juu ya nguzo, ambamo wakati wa kilimo familia nzima huhamia ili kuulinda mpunga na ndege na wanyama wa mtoni. Tulipalilia hadi jua lilipopanda. Sijui mawaidha gani ya safari yangeweza kukueleza mji vizuri zaidi ya mgongo unaouma. Majirani walipita njiani mmoja mmoja. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Waliuliza, “Huyo ndiye mpwa?” kisha wakanisahihisha nilivyoshika mpini.

Tulipopumzika chini ya dungu nikausema ujumbe wa mama wote, neno kwa neno, pamoja na la kaburi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa barua. Kisha akaniambia kwamba amewahi kurudi Unguja mara nne, na kila mara alitandikiwa kitanda kizuri, akapikiwa, akazuiwa hata kuteka maji. “Dada yangu ananipenda,” alisema. “Lakini pale mimi ni mgeni wa siku ya kwanza, na nitakuwa wa siku ya kwanza mpaka nife. Hapa nilipewa jembe mwaka wa kwanza.” Akaonyesha kwa kidevu upande wa mwembe ulio mpakani mwa shamba. Nilijua ni nani amelazwa hapo, nikanyamaza. Kisha akaniuliza kama miguu ya mama bado inamsumbua, na kama ule mlimao wa uani umeshakatwa. Nikamwambia bado. Alifurahi sana kwa ajili ya ule mlimao.

Basi la kurudi huondoka kungali na giza, kwa hiyo lipa nauli jana yake. Kaa upande wa kushoto, ambako Udzungwa hutoka katika umande taratibu, kilele baada ya kilele, na chukua maji na ndizi, maana hadi Mikumi ni mwendo. Mimi mapajani nilikuwa na mfuko wa kilo tano za supa, umeshonwa kwa uzi wa gunia. Juu yake mjomba aliandika jina la mama kwa mwandiko wake wa karani, na chini ya jina: “Usiuchanganye na mapembe.”