Taifodi ya kila semista

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi bila kuandika. Jana mshkaji mmoja aliniuliza nilikuwa wapi, nikamjibu ukweli mtupu: chooni. Alicheka sana. Mimi sichekagi tena.

Ngoja nianze mwanzo. Mwaka wa kwanza tulikwenda kijiji kimoja upande wa Chamwino kwa kazi ya darasa. Jua la Dodoma si mnalijua, halibembelezi mtu. Tukakuta kisima, tukanywa maji vilevile bila kuchemsha. Usiku ule watu wanne tuliharisha mpaka basi. Wenzangu watatu wiki iliyofuata walikuwa wazima, wameshasahau. Mimi kuharisha kuliisha, lakini tumbo langu la zamani halikurudi. Nikila linasokota, linajaa gesi kama ngoma, nakimbia chooni, napata nafuu. Kesho yake linafunga siku mbili. Na likishajua kuna test ndo kabisa.

Nikaenda zahanati moja ya mtaani (jina kapuni). Damu kidogo, dakika kumi, majibu: "Una taifodi." Sipro hizo hapo. Mwezi uliofuata, taifodi tena, safari hii na UTI juu. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nimemaliza dozi tano. Boom likiingia, fungu langu la famasi linajulikana. Rumi wangu, Mgogo wa Mpwapwa, akanibatiza Bwana Taifodi. Kwa Mnyaturu kama mimi huo ni utani unaoruhusiwa, ila uliniuma. Mama huko Singida naye ana jibu lake: "Mwanangu, hilo ni chango. Hata babu yako alikuwa nalo." Akatuma dawa ya mizizi kwa basi.

Kilichonifikisha hospitali ya maana ni UE iliyopita. Nilitoka mara tatu kwenye chumba cha mtihani, msimamizi akinisindikiza mpaka mlangoni kama mahabusu. Swali la nne sikuligusa. Matokeo yakatoka: sup.

Daktari niliyemkuta ni mama mmoja mtaratibu. Hakukimbilia damu. Aliuliza maswali karibu nusu saa. Maumivu ni siku ngapi kwa wiki? Yameanza lini? Ukienda chooni yanabadilika? Unaona damu? Umepungua uzito? Unaamshwa na tumbo usiku? Kwenu kuna mtu aliyeugua saratani ya utumbo? Baadaye ndipo akachukua damu na choo. Vyote safi. Akasema hiyo ni IBS, yaani utumbo unaochokozeka upesi, na kwamba taifodi labda sijawahi kuugua hata siku moja. Kile kipimo cha Widali kinatafuta askari wa mwili, na hao askari wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani, au wakaletwa na vijidudu vingine kabisa. Jibu la kuaminika zaidi linapatikana kwa kuotesha damu maabara. Zile dozi tano huenda zilikuwa zinaua bakteria wema wa tumboni.

Mimi nikapandwa hasira. Kwa hiyo sina ugonjwa? Najitungia?

"Ugonjwa unao," akasema. "Vipimo hivi vinaangalia kama utumbo umeharibika. Wako haujaharibika, unafanya kazi vibaya." Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Kabla ya haya yote, uliwahi kuharisha vibaya sana?"

Kisima cha Chamwino hicho!

Nikarudi hosteli, nikaacha desa za sup pembeni, nikapiga msuli wa IBS mpaka saa nane usiku. Basi bwana, kuna mji mdogo Kanada unaitwa Walkerton, una watu kama 5,000. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima cha mji. Watu wapatao 2,300 wakaugua, 7 wakafa. Watafiti hawakuondoka maji yaliposafishwa. Waliwafuatilia wale watu miaka na miaka. Miaka miwili mitatu baadaye, kati ya walioharisha, karibu mmoja kwa kila watatu alikuwa na tumbo kama langu. Kwa ambao hawakuugua ilikuwa kama mmoja kwa kumi. Na walioharisha siku nyingi zaidi walikuwa kwenye hatari zaidi. Mimi niliharisha siku tisa, wenzangu siku tatu nne. Nilisoma hapo mara mbili.

Sasa kwa nini, wakati kijidudu kimeshaondoka? Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walitoa jibu moja. Waliwaambukiza panya bakteria wa tumbo huku wakiwalisha protini ya yai. Maambukizi yalipoisha, wale panya walipokula tena protini ileile, tumbo liliuma. Ni kama kinga ya utumboni, katikati ya vita, ilimwandika mgeni asiye na hatia kwenye orodha ya maadui. Kila akipita, seli zinamwaga histamini na neva za hapohapo zinapiga kelele. Wakajaribu kwa wagonjwa 12 wa IBS, wakiweka vitone vya ngano, soya na maziwa kwenye ukuta wa utumbo. Wote 12 waliitikia angalau kimoja. Watu 12 ni wachache, najua, hata mwalimu wetu wa takwimu angeguna. Lakini nilivyosoma pale nilitaka kumwamsha rumi.

Si kila mwenye IBS alianzia kisimani, hilo msilibebe vibaya. Mwaka huohuo wa 2021 ulitoka utafiti wa vinasaba uliohusisha wagonjwa zaidi ya 50,000. Walikuta sehemu sita za vinasaba zinazohusika, na kadhaa kati ya hizo zinahusika pia na wasiwasi na sonona. Utumbo una neva zake kwa mamilioni na unaongea na ubongo kutwa nzima. Ndo maana UE inanipiga kotekote. Kwa hiyo mama na chango la babu hakukosea sana, hehehe.

Halafu kuna wale wajomba wanaosema tatizo ni chipsi mayai. Hao nao wana babu yao: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, kuanzia miaka ya 1940. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya, samahani, kinyesi. Wanakijiji wa Uganda walitoa gramu kama 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi. Wanamaji wa Uingereza na wake zao: gramu 104, saa 83. Akasema makapi ya nafaka ndiyo kinga ya magonjwa mengi ya utumbo ya wazungu. Kwa choo kigumu alipatia. Kwa IBS hadithi ni ngumu zaidi: pumba zinaweza hata kuongeza gesi. Na kile chakula cha shamba kinacholeta gesi kuliko vyote, maharage, ndicho chakula chetu cha chuo. Wali maharage, ugali maharage, na kitunguu juu, ambacho nacho ni mchokozi. Daktari ameniambia nipunguze kimoja kimoja nione, nisikate vyote siku moja.

Nina wiki tano sasa bila sipro. Maumivu yapo, ila yamepungua. Maharage nimeyaweka kando, natafuna mlenda na ugali wa uwele kwa kina rumi kila Jumapili. Mtu wa kundi letu mwenye damu chooni au anayekonda bila sababu asijipe jina la IBS kwa kunisoma mimi, aende akapimwe.

Mama nimempigia jana. Nikamweleza Walkerton yote, na panya wa Ubelgiji. Kimya kirefu. Kisha: "Na ile dawa umeinywa?" Iko chini ya kitanda, mama.

Sup ni mwezi wa tisa. Nimeshaomba kiti cha karibu na mlango.