Kaka na mtihani wa gesi

Wadau, jana usiku kaka yangu kanipigia kutoka Leicester, Uingereza, kanuna kweli. Yeye ni fundi wa boila za gesi, ile mitambo ya kupasha nyumba joto. Vyeti vyake vinaisha mwezi ujao. Kule vinadumu miaka 5 tu, kisha unarudi kwenye mtihani, wa nadharia na wa vitendo. Asipofaulu, Gas Safe Register (waliochukua nafasi ya CORGI Aprili 2009) hawatamruhusu kugusa boila ya mtu.

"Miaka 14 nafunga boila, bado wananiuliza maswali!"

Nikamcheka. Ila mwenyewe akakiri: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Bomba la moshi likiziba, familia inalala haiamki. Hata jiko la gesi lina cheti chake. Kazi anazoruhusiwa zimeandikwa nyuma ya kadi.

"Na wewe mdogo wangu, mwandishi, umepimwa lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya mahafali, Mlimani."

Akacheka yeye sasa. Sikumwambia kwamba mwezi uliopita nilikosea idadi ya majeruhi, tukachapa masahihisho mistari miwili, ukurasa wa ndani.