Kuuliza Si Ujinga: Siku Sita Mjini Roma Bila Ngano

Mtu anayefunga safari ya mbali huwaza kwanza nauli, mahali pa kulala na nguo za baridi. Juu ya chakula hasumbuki sana, kwa maana palipo na watu hapakosi sufuria motoni. Lakini sisi, tulipojiandaa kutoka Lubumbashi kwenda Roma kumtembelea ndugu yetu mdogo anayesoma huko, chakula ndicho kilichotunyima usingizi. Chumba cha ndugu yetu hakina jiko, kwa hiyo ilitupasa kula katika mikahawa siku zote sita. Na binti yetu, ambaye tulisafiri naye, hawezi kula ngano.

Tulieleze jambo hilo kwa wasiolijua. Katika ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi, imo protini iitwayo gluteni. Watu walio wengi huila bila shida. Lakini mwenye ugonjwa wa seliaki akiila, mwili wake hujishambulia wenyewe na kuharibu utando laini ulio ndani ya utumbo mwembamba, hata chakula kisimjenge tena. Mtoto hukonda, tumbo huvimba, damu hupungua. Mganga mmoja Mholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1950 kwamba ngano huwadhuru watoto hao. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haipo hata leo. Mgonjwa hana budi kuepuka gluteni maisha yake yote, hata makombo.

Nyumbani hatukuona mzigo mkubwa. Bukari ya mahindi au ya muhogo, sombe, wali, maharagwe, ndizi, samaki: vyote hivyo havina gluteni kwa asili yake. Tuliacha mkate wa asubuhi na maandazi, basi. Lakini Roma ni mji wa ngano. Asubuhi harufu ya mikate hujaa njiani, na mchana kila meza ina tambi au pizza. Binti yetu alipita katikati ya harufu hizo kimya, naye ametushika mkono.

Jioni ya kwanza tulikuwa tumechoka. Tuliingia katika mkahawa wa karibu, na ndugu yetu akamweleza mhudumu shida yetu kwa Kiitalia. Yule kijana hakungoja hata maneno yaishe. Akajibu kwa tabasamu, «Ndiyo, ndiyo, hakuna shida.» Akaleta nyama ya kuchoma na viazi vya kukaanga. Nasi tulifurahi, kwa kuwa nyama haina ngano, wala kiazi hakina. Usiku ule binti yetu alitapika, akajikunja kwa maumivu ya tumbo mpaka alfajiri. Kesho yake ndugu yetu alirudi kuuliza, ndipo tukafahamu: viazi vilikaangwa katika mafuta yale yale ya supplì, yaani madonge ya wali yanayovingirishwa katika unga wa mkate. Tuliuliza juu ya chakula, hatukuuliza juu ya mafuta.

Mchana wa siku ya pili tulivuka mto Tiber tukafika mtaa wa Trastevere. Mwenye mkahawa mmoja, mama wa makamo, alitusikiliza mpaka mwisho. Akaingia jikoni, akakaa kitambo, akarudi akifuta mikono. «Bwana na Bibi,» akasema, «jikoni mwangu tunakanda tambi tangu asubuhi, na unga umetanda kila mahali. Siwezi kuwaahidi. Sitaki mtoto huyu augue kwangu.» Tulisononeka, maana njaa ilikuwa imetushika. Lakini mama yule alitoka nasi mpaka mlangoni, akamwelekeza ndugu yetu atafute orodha ya chama cha Waitalia wenye seliaki.

Chama hicho kiliundwa mwaka 1979. Huwafundisha wapishi namna ya kumpikia mgonjwa bila kumdhuru, kisha huandika mikahawa iliyofundishwa katika orodha yake. Tena sheria ya Italia namba 123 ya mwaka 2005 inawalinda wagonjwa hao. Na tangu Desemba 2014, mikahawa ya nchi zote za Umoja wa Ulaya yapaswa kumjulisha mgeni kama chakula kina nafaka zenye gluteni. Madukani mtu hutafuta maneno senza glutine, yaani «bila gluteni». Chakula kinachouzwa kwa jina hilo hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya miligramu 20 za gluteni katika kilo 1.

Kwa orodha ile tulikula siku zilizobaki kwa amani. Hata hivyo hatukuacha kuuliza maswali matatu. Je, mafuta haya yamekaanga kitu kingine? Je, maji haya yamechemsha tambi za ngano? Je, kisu na meza vimeoshwa? Mwanzoni tuliona haya kumsumbua mpishi, baadaye haya ikatutoka. Siku ya nne waliletewa wengine pizza, na binti yetu naye akaletewa yake, iliyookwa mbali na zile za ngano. Siku ya tano tulipata polenta, chakula cha Waitalia wa kaskazini, uji mzito wa unga wa mahindi. Mtoto aliuonja, akacheka kwa sauti: «Baba, mama, mbona hii ni bukari!»

Enyi wazazi, tumerudi na funzo moja. Yule kijana aliyesema «ndiyo» upesi alitupendeza, akamdhuru mtoto wetu. Mama yule aliyetukatalia alituhuzunisha, akamlinda. Basi ninyi mnaopokea wageni, akija mtu na kusema, «Chakula hiki sikiwezi,» msimwone mwenye maringo. Msikilizeni mpaka mwisho, kisha mwambieni kweli. Nanyi mlio na mtoto wa namna hii, ulizeni bila haya, ugenini na hata kwa jirani. Wahenga walikwisha sema: kuuliza si ujinga.